Saa za Kazi Nazo ni Mali

Wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Watu wengi hulikumbuka neno hili wanapohesabu magunia ya mahindi au madebe ya maziwa, lakini ni wachache wafikirio kwamba saa za mtu kazini nazo ni mali. Mwisho wa mwezi kibarua hana gunia la kuonyesha. Alichouza ni nguvu zake na wakati wake, navyo vimekwisha kupita. Kilichobaki ni alama aliyoitia karani daftarini.

Katika Kenya ya wakati wa ukoloni, vibarua wengi wa mashamba ya walowezi walifanya kazi kwa tikiti ya siku 30, ambazo sheria iliruhusu zitimizwe katika muda wa siku 42. Kila siku ya kazi ilitiwa alama. Mtu asiyemaliza kipimo chake aliweza kunyimwa alama ya siku nzima, hata kama alishika jembe tangu asubuhi. Alama moja iliyosahauliwa ilikuwa siku moja ya jasho la bure.

Tikiti hizo zimekwisha, lakini alama haijapoteza nguvu zake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humtaka mwajiri aweke kumbukumbu za wafanyakazi wake. Kwa wale walio chini ya Amri ya Jumla ya Mishahara, juma la kawaida la kazi ya mchana ni saa 52 katika siku 6, na saa ya ziada katika siku ya kazi hulipwa mara moja na nusu. Basi mtu aliyeongeza saa 2 anastahili malipo ya saa 3. Zisipoandikwa, atadai kwa ushahidi gani?

Makosa mengine hutokana na uvivu. Karani angoja Jumamosi ndipo aandike juma zima kwa kukisia. Mwingine huchanganya saa za Kiswahili na za Kizungu: aandika kwamba mtu aliingia saa 8, kwa hesabu ya Kizungu, akatoka saa 11, kwa hesabu ya Kiswahili. Asomaye huona saa 3 tu, kumbe mtu alikuwapo tangu asubuhi hata jioni.

Makosa mengine ni wizi hasa. Robo saa ikipunguzwa kila siku kwa watu 10, baada ya siku 6 zimeibwa saa 15. Vivyo hivyo, karani amwandikiaye rafiki yake siku ambayo hakufika kazini anamwibia mwajiri, tena anawavunja moyo wenzake waliofika kwa umande.

Dawa yake si ngumu. Saa ziandikwe siku ile ile, kwa wino, mbele ya mwenyewe aliyefanya kazi. Kosa lipigwe mstari, lisifutwe, na wote wawili watie sahihi. Mfanyakazi naye awe na kijitabu chake, aandike saa ya kuingia na ya kutoka, kisha alinganishe kabla ya siku ya mshahara. Hesabu mbili zikipatana, hapana ugomvi. Zikipingana, kosa litaonekana mapema, kabla halijawa chuki.