VIBAO VYA KURAMBAZIA: PIMA UZITO KABLA YA KUTOA FEDHA

Na Mwandishi Wetu

Mjomba wangu ni mvuvi wa Mlingotini, karibu na Bagamoyo. Siku moja alinitumia salamu kwa mkono wa abiria wa basi, akiniomba vibao viwili vya kurambazia. Nami, kama walivyo wafanyakazi wengi wa mjini wenye ndugu pwani, nilidhani kuwa wajibu wangu ni kutoa fedha, basi. Nilimwendea seremala, akachonga vibao viwili vya kupendeza, nikavipeleka.

Juma lililofuata habari zikanifikia. Vibao vilikuwa vimezama, mishipi minne ilikuwa imesokotana kama nywele zisizochanwa, na ilibidi mjomba aikate kwa kisu pamoja na ndoana zake zote. Siku hiyo mkaza mjomba alipika mchicha mtupu. Wahenga walisema kweli: maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Ndugu msomaji, kama nawe unakusudia kumsaidia ndugu yako mwenye ngalawa au boti, yafaa ujue mambo machache niliyojifunza kwa hasara.

KIBAO NI KAMA KISHADA

Kurambaza ni kuvua kwa mshipi unaovutwa nyuma ya chombo kinachokwenda. Ndiyo njia ya kuwapata samaki wakimbiao, kama nguru, jodari na mzia. Taabu yake ni kwamba mishipi yote hufuata njia moja nyuma ya chombo, na samaki wa juujuu aghalabu huwa wamekwisha kutishwa na mlio wa mashine au kivuli cha chombo. Tena mishipi ikizidi miwili, hunasana chombo kinapogeuka.

Hapo ndipo kibao kinapofaa. Husimama wima majini kwa ubavu wake, ncha ya mbele ikiwa imekatwa mshazari, na upande wa chini umetiwa risasi ili kisipinduke. Kamba hufungwa mbele ya katikati yake. Chombo kikivuta, maji huusukuma uso wa ndani wa kibao, nacho huenda kando badala ya kufuata nyuma. Mtoto arushaye kishada anaijua kanuni hiyo: upepo unasukuma, uzi unazuia, kishada kinapanda. Kibao nacho hupanda, ila hupanda kwenda ubavuni. Kwa hiyo cha kulia hakifai kutumiwa kushoto, isipokuwa kiwe kimetengenezwa kwa pande zote mbili.

AINA MBILI

Aina ya kwanza ni kibao kidogo, chenye urefu wa sentimita 20 hadi 30, kinachobanwa juu ya mshipi wenyewe. Kila mshipi una kibao chake. Samaki akila, kibanio cha mbele huachia, kibao hakishindani tena na maji, na mvuvi huvuta samaki wake. Ni chepesi na hakihitaji mlingoti wala vifaa vingi.

Aina ya pili ni kibao kikubwa, chenye urefu wa karibu mita moja, na mara nyingi ni mbao mbili zilizounganishwa sambamba. Hiki huvutwa kwa kamba yake yenyewe, iliyofungwa mahali pa juu chomboni. Mishipi hutundikwa juu ya kamba hiyo kwa vibanio, mmoja baada ya mwingine. Samaki akila, kibanio huachia mshipi wake tu, na mingine hubaki kazini. Kibao hiki hustahimili mawimbi na mwendo wa kasi, lakini ni kizito, na kukirejesha chomboni kunahitaji mtu wa ziada.

KOSA LANGU

Katika Maziwa Makuu ya Marekani ya Kaskazini, kama vile Ziwa Michigan, wavuvi hutumia vibao pamoja na mishipi yenye kiini cha risasi, inayozama bila chubwi. Mishipi hiyo hubadilika rangi kila yadi 10, yaani karibu mita 9, ili mvuvi ahesabu ni urefu gani ameuachia. Huko nako shida ni ile ile iliyompata mjomba: kila uzito unaoupeleka mshipi chini humvuta na kibao pia.

Tufanye hesabu. Kibao chenye urefu wa sentimita 30, upana 10 na unene 3 kina ujazo wa sentimita za ujazo 900. Msonobari mkavu, kama ule wa Sao Hill, una takriban nusu ya uzito wa maji. Basi kibao hicho kinaweza kubeba karibu gramu 450 kabla ya kuzama chote. Ondoa risasi iliyotiwa chini yake na kibanio. Kumbuka pia kwamba kibao hakina budi kuonekana juu ya maji, na kwamba mshipi unaovutwa hukikokota chini zaidi. Kinachobaki kwa chubwi hakifiki hata robo kilo. Mjomba alikuwa amefunga chubwi la nusu kilo! Na seremala wangu, kwa kutaka kitu cha kudumu, alikuwa amechonga mninga, ambao ni mzito kuliko msonobari.

Kwa hiyo usiulize kwanza bei. Muulize mvuvi: chubwi lako lina uzito gani? Likiwa jepesi, kibao kidogo kinatosha. Likiwa zito, chagua kibao kikubwa, au punguza chubwi.

MWENDO NA UPEPO

Swali la pili ni la mwendo. Vibao vidogo hufanya kazi vyema chombo kinapokwenda kama mtu anayetembea, yaani kilomita 3 hadi 5 kwa saa. Boti ya mashine huweza kuushika mwendo huo. Ngalawa ya tanga hutegemea upepo: katika Kaskazi iliyotulia huenda polepole, lakini Kusi ikivuma hukimbia mno, na kibao kidogo hurukaruka au kupiga mbizi. Mwenye ngalawa ama apunguze tanga, ama atumie kibao kikubwa.

Wakati wa kugeuka, duara liwe pana. Kibao cha upande wa ndani hukosa mwendo na kulegea, cha nje huongeza kasi. Anayegeuka kwa ghafula hurudi na fundo.

Tena vibao hupanua njia ya chombo. Karibu na midomo ya mito ya Ruvu na Wami, maji ya masika huleta magogo na majani. Kuna miamba, kuna majarife ya wenzetu, na kuna vyombo viendavyo Unguja. Paka vibao rangi ya njano au nyekundu, na palipo na msongamano virudishe ndani.

JARIBIO LA UFUKWENI

Kabla ya kulipa, funga chubwi chini ya kibao kwa uzi mfupi, ukiweke katika maji matulivu ya bahari. Kikizama hata kisionekane juu ya maji, hakifai kwa uzito huo. Kisha kivute kwa kamba huku ukitembea ufukweni: chema huenda kando na kukaza kamba, kibovu hufuata nyuma kama mbuzi.

Nami nilirudi kwa seremala. Safari hii nilikuwa na kipande cha msonobari mkononi, na chubwi la mjomba mfukoni.