Goma: Syrio Forel alikufa au alitoroka? Swali ambalo wapenzi wa "Game of Thrones" hawajalimaliza

Mfululizo wa televisheni "Game of Thrones" ulimalizika Mei 19, 2019, baada ya misimu 8 na vipindi 73. Wafalme walikufa na majoka yakafa, na kiti cha enzi kiliyeyushwa kwa moto. Lakini kuna mtu mmoja mdogo katika hadithi hiyo ambaye mpaka leo wapenzi wake hawakubaliani kama yuko kaburini au anatembea: Syrio Forel, mwalimu wa upanga.

Katika mitaa ya Goma kama Katoyi, tarafani Karisimbi, wengi waliufahamu mfululizo huu kwa Kifaransa, vipindi vikipita kutoka flashi moja hadi nyingine na kutoka simu hadi simu. Vitabu vyenyewe, "Le Trône de fer", ni adimu. Ndiyo maana watu wengi hawajui kwamba hadithi ya kwenye vitabu, ambayo ndiyo ya asili, bado haijafika mwisho.

Mwandishi wake ni Mmarekani George R. R. Martin, aliyezaliwa mwaka 1948. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1996. Cha tano kilitoka Julai 2011, miezi michache tu baada ya televisheni kuanza kuonyesha msimu wa kwanza. Viwili alivyoahidi kufungia hadithi wasomaji wamevingoja tangu wakati huo. Televisheni ilipofika mahali vitabu vilipokomea, ilijitungia njia yake. Kwa hiyo jibu la televisheni si lazima liwe jibu la Martin.

Syrio anaonekana kidogo sana. Anatoka Braavos, mji wa ng'ambo ya bahari, ambako kwa miaka tisa alikuwa mpiga upanga wa kwanza wa mtawala wa mji huo. Bwana Eddard Stark anamwajiri amfundishe binti yake mdogo, Arya. Silaha zao za mazoezi ni panga za mbao.

Siku Eddard anapokamatwa, askari wanakuja kumchukua mtoto. Ni watano, na pamoja nao yuko Meryn Trant, mlinzi wa mfalme, aliyevaa chuma mwili mzima. Syrio ana upanga wa mbao tu. Anawaangusha wale watano, kisha Trant anaukata ule upanga. Arya anakimbia. Hapo ndipo habari inapokatika.

Inakatika kwa sababu ya namna Martin anavyoandika. Kila sura inasimuliwa kupitia macho ya mtu mmoja, na sura hiyo ni ya Arya. Alichokiona Arya, msomaji anakijua. Kilichotokea baada ya yeye kukimbia hakuna anayekisimulia. Hata kwenye televisheni kamera inaondoka na mtoto, na mwalimu anabaki amesimama.

Kundi la kwanza la mashabiki linasema Syrio yu hai, na wengine wanakwenda mbali zaidi: wanasema yeye ndiye Jaqen H'ghar. Jaqen anatokea katika kitabu cha pili akiwa mfungwa aliyetolewa kwenye gereza la jiji lile lile. Baadaye anabadilisha sura yake mbele ya Arya na kumpa sarafu ya chuma inayomfungulia njia ya Braavos, kwenye nyumba ya wauaji wasio na sura. Wanaoamini nadharia hii wanaunganisha mambo matatu: Syrio ni wa Braavos, alipotelea mikononi mwa askari, na muda mfupi baadaye mtu anayeweza kubadilisha sura anatoka gerezani na kumsaidia mtoto yule yule.

Kundi la pili linacheka. Hoja yao kubwa ni Meryn Trant. Baada ya siku ile Trant anaendelea na kazi yake ya ulinzi, mzima wa afya. Kama Syrio alishinda, Trant aliponaje? Na kama Syrio alikuwa muuaji hodari kiasi hicho, kwa nini hakuokota upanga wa chuma wa mmoja wa askari waliolala sakafuni? Kwa kundi hili, kifo cha mwalimu ndicho kinachoipa hadithi uzito: alibaki ili mtoto apate nafasi ya kukimbia. Akirudi akiwa mzima, kitendo chake kinapungua thamani.

Televisheni iliegemea upande wa pili. Katika kipindi cha mwisho cha msimu wa tano, Juni 2015, Arya anamuua Trant na kumwambia kwamba alikuwa wa kwanza kwenye orodha yake kwa sababu ya Syrio. Lakini kundi la kwanza lina jibu: Arya naye hakuona. Anaamini tu.

Syrio si peke yake. Benjen Stark, mjomba wa mashujaa wa hadithi, anapotea katika kitabu cha kwanza. Televisheni ilimrudisha mwaka 2016 na kumuua mwaka 2017. Kwenye vitabu bado hajulikani alipo. Wasomaji wengi walidhani ndiye yule mtu wa ajabu mwenye mikono baridi, mpaka walipoona mswada uliohifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Texas A&M: pembeni, swali hilo liliulizwa, na Martin alijibu kwa neno moja, hapana.

Kwa msomaji wa Goma, swali la mtu aliyepotea bila maiti si mchezo wa sinema tu. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka Mei 22, 2021, UNICEF ilitangaza kesho yake kwamba watoto zaidi ya 150 walitengana na familia zao na wengine zaidi ya 170 walihofiwa kupotea. Vita vilipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025, simu nyingi ziliita bila kujibiwa. Msalaba Mwekundu una kazi maalum ya kutafuta waliopotezana na jamaa zao. Hata Sheria ya Familia ya Kongo, ya mwaka 1987, haimhesabu asiyejulikana alipo kuwa sawa na aliyekufa.

Familia yenye maiti inakaa kilio, inazika, watu wanachangia. Familia isiyo na maiti inakosa hata siku ya kuanza kulia. Ndani yake mara nyingi kuna makundi mawili yale yale: mama anayesema mtoto atarudi, na mjomba anayesema tukubali. Hakuna kati yao mwenye ushahidi wa kutosha kumnyamazisha mwenzake.

Tofauti ni kwamba katika hadithi kuna mtu mmoja anayeweza kujibu. Na wakati mwingine jibu huja hata kama yeye hayupo tena. Mmarekani mwingine, Robert Jordan, aliandika mwaka 1993 kifo cha mtu aitwaye Asmodean bila kusema nani aliyemuua. Jordan alifariki mwaka 2007, mfululizo wake ukiwa haujaisha. Brandon Sanderson aliuendeleza kwa kutumia maandishi aliyoyaacha, na mwaka 2010 wasomaji waliona jina la muuaji, Graendal, likiwa limeandikwa katika faharasa ya mwisho wa kitabu. Walikuwa wamebishana miaka 17.

Wapenzi wa Syrio wamevuka muda huo zamani. Mpaka Martin atoe kitabu cha sita, kinachobaki kuthibitishwa ni kidogo: mtu mmoja, kipande cha upanga wa mbao mkononi, na mtoto aliyeambiwa akimbie, akakimbia.