Shirika lilifungwa, kiinua mgongo kikasubiri

Uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) ulifunguliwa Desemba 1971 katika tambarare kavu za Hai, kati ya Moshi na Arusha, ili watalii watue chini ya mlima badala ya kushukia Nairobi. Haikupita miaka sita, shirika lililotarajiwa kuwaleta likafa.

East African Airways ilianza 1946, na baada ya uhuru ikawa mali ya Kenya, Uganda na Tanzania. Makao makuu na karakana kubwa vilikuwa Nairobi. Mwanzoni mwa 1977, nchi wanachama zikivutana kuhusu madeni na michango, ndege zilisimama. Kenya ikaunda shirika lake. Machi mwaka huo Tanzania nayo ikaanzisha la kwake, ATC. Februari mpaka wa Kenya ulikuwa umeshafungwa, kituo cha Holili kikiwamo, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983.

Siku hizi kampuni ikipunguza watu hutoa orodha, kama Boeing ilivyotangaza mwaka 2024 kuondoa watu wapatao 17,000. Mwaka 1977 orodha ya nini, shirika zima likiwa limeondoka? Ndege zenyewe hazikukosa pa kwenda. Super VC10 nne zilirudi Uingereza, na baadaye jeshi la anga la huko likazigeuza kuwa za kujazia nyingine mafuta angani. Fundi wa injini zake hakuwa na mnunuzi wa namna hiyo.

Kwa Mchagga aliyepoteza kazi kulikuwa na kihamba, shamba la ukoo, kama ndugu hawajakigawana kikaisha. Bei ya kahawa duniani ilikuwa imepanda baada ya baridi kali kuiunguza mibuni ya Brazil mwaka 1975. Lakini KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichokuwa kikiwauzia wakulima kahawa yao tangu 1933, kilivunjwa na serikali mwaka 1976 pamoja na vyama vikuu vingine vya ushirika. Hivyo aliyerudi Machame au Rombo aliikuta migomba na mibuni, asikute chama.

Mali na madeni ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoziunganisha nchi hizo tatu, viligawanywa kwa mkataba uliosainiwa Arusha Mei 1984, msuluhishi akiwa Mswisi Victor Umbricht: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Kila nchi ikabeba pensheni za watu wake. Wastaafu wa Tanzania, wa reli, bandari, posta na ndege, walilazimika kwenda Mahakama Kuu mwaka 2003, na makubaliano yakafikiwa Septemba 2005. Hata baada ya hapo wengine waliandamana Dar es Salaam wakidai wamepunjwa. Miaka 28 ni mingi mno kumngojesha mtu haki aliyokwisha kuifanyia kazi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 sasa inamtaka mwajiri atoe taarifa na kushauriana kabla ya kupunguza watu. Malipo ya kuachishwa, kwa kima cha chini, ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka wa utumishi, mwisho miaka 10. Kwa hesabu hiyo fundi wa miaka 25 anaondoka na siku 70, sawasawa na wa miaka 10.