Kipimo cha klorini kisikadiriwe kwa jicho

KWA wakazi wa Nanighi na vijiji vingine vilivyo kando ya Mto Tana, tofauti baina ya maji salama na maji yenye kipindupindu yaweza kuwa mililita tatu tu za dawa.

Kaunti ya Tana River ilikumbwa na maradhi hayo mnamo 2023, mwaka ambao pia mvua za El Nino zilisababisha mafuriko.

Klorini ya kutibu maji yenye nguvu ya asilimia 1.25 hutiwa mililita tatu katika mtungi wa lita 20. Maji ya matope huchujwa kwanza kwa kitambaa safi, kisha dawa hutiwa maradufu. Sharti kungoja dakika 30 kabla ya kunywa.

Kosa hutokea pale kizibo cha kupimia kinapopotea, kijiko kikatumiwa badala yake. Kijiko cha chai huhesabiwa kuwa mililita tano, lakini vijiko vya jikoni havilingani. Matone nayo hutofautiana kulingana na mdomo wa chupa.

Njia ya uhakika ni sirinji mpya isiyo na sindano, ambayo mistari yake husomwa ikiwa imeinuliwa usawa wa macho.

Aidha, lebo haina budi kusomwa. Dawa ya kung'arisha nguo yenye asilimia nne, isiyo na manukato wala sabuni, ina nguvu mara tatu na zaidi. Kwa mtungi uo huo, mililita moja hutosha.