Mshauri Mwelekezi Anamjibu Nani?

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Serikali ya Tanzania ilikuwa mbioni kuufanya msitu wa Duru-Haitemba, wilayani Babati, uwe hifadhi ya Serikali. Ni msitu wa miombo wa takriban hekta 9,000, umetanda kwenye safu za vilima na kuzungukwa na vijiji vinane, vikiwemo Ayasanda, Gidas, Bubu na Riroda. Nia ilikuwa njema, kwa maana miti ilikuwa inakwisha. Wapimaji wakaja, mipaka ikachorwa. Wanavijiji wakakataa. Tena baadhi yao, waliposikia kwamba msitu unachukuliwa, wakazidisha kasi ya kukata, wakiona afadhali wavune leo kile watakachonyang'anywa kesho.

Fedha za programu ya misitu katika eneo hilo zilitoka Uswidi, kupitia shirika lake la maendeleo, Sida. Miongoni mwa washauri waliohusishwa alikuwa Liz Wily, ambaye utaalamu wake ni umiliki wa ardhi, si miti. Naliona hilo kuwa jambo kubwa. Mshauri anayetazama miti peke yake angeulizwa mipaka ipite wapi, walinzi waajiriwe wangapi na magari yanunuliwe mangapi, naye angejibu vizuri sana. Vilima vya Duru-Haitemba vingeendelea kupoteza miti, kwa sababu ugomvi haukuwa juu ya idadi ya walinzi. Ulikuwa juu ya mwenye msitu.

Mwaka 1994 mambo yaligeuzwa. Badala ya kuwaambia wanavijiji waukabidhi msitu, waliambiwa waonyeshe wenyewe jinsi watakavyoutunza. Mikutano ikafanyika kijiji kwa kijiji. Kila kijiji kikatambua sehemu yake ya msitu kwa mipaka ambayo wazee waliijua tangu zamani, kikatunga kanuni, kikapiga marufuku uchomaji mkaa na ufyekaji wa mashamba mapya, na kikateua vijana wake wa kufanya doria. Matumizi madogo, kama kuokota kuni kavu, yakaachwa yaendelee kwa utaratibu. Mipango yao haikuwa na lugha ya kitaalamu, lakini ilifuatwa, kwa sababu walioiandika ndio waliotakiwa kuitii. Baadaye kanuni hizo zikapata nguvu ya sheria ndogo, na Serikali ikaachana na wazo la kuuchukua msitu. Mkoani Singida, msitu wa Mgori, ulio mkubwa zaidi ya huo mara kadhaa, ukafuata njia hiyo hiyo.

Sera ya Taifa ya Misitu ya mwaka 1998 na Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 zilikuja kuyaweka mambo hayo katika maandishi: kijiji kinaweza kutenga hifadhi yake ya msitu katika ardhi yake, kuisimamia, na kubaki na mapato yake. Wilayani Kilwa, mwaka 2009, misitu ya vijiji ilipata cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu cha FSC, na mpingo wake, mti unaotengenezewa klarineti na zumari za Ulaya, ukaanza kuuzwa kwa jina la kijiji na kwa bei ambayo kijiji kina sauti juu yake. Sisemi kwamba haya yote yalifanywa na mshauri mmoja. Yalifanywa na wanavijiji, maofisa misitu wa wilaya waliokubali kubadili mawazo, na viongozi waliothubutu. Lakini mshauri alisaidia swali libadilike, na huo ndio moyo wa kazi hii.

Watu wengi wanaiona kazi ya mshauri mwelekezi wa kimataifa kutoka nje: ndege, hoteli, gari lenye nembo mlangoni, ripoti nene. Kwa ndani, ni ajira ya siku za kuhesabiwa. Leo anaandika andiko la mradi wa mikoko, mwezi ujao anapima hali ya awali ya kaya zinazouzunguka mlima, baada ya hapo anafanya tathmini ya mwisho ya mradi wa maji ambao hakuwahi kuuona ukianza. Kila kazi huja na karatasi iitwayo hadidu za rejea. Humo ndimo mnamoandikwa maswali atakayojibu, watu atakaokutana nao, siku atakazolipwa, na nani ataisoma rasimu kabla haijawa ripoti. Vigezo vya tathmini hutokana mara nyingi na orodha ya OECD, jumuiya ya nchi tajiri: umuhimu, uwiano, ufanisi, tija, matokeo ya muda mrefu na uendelevu. Ni vigezo vizuri. Lakini hakuna hata kimoja kinachomlazimisha mtu kuuliza kama mradi wenyewe ulipaswa kuwepo, isipokuwa aliyeajiriwa awe na ujasiri wa kukisoma kigezo cha umuhimu mpaka mwisho wake.

Kwa hiyo ninapoulizwa na vijana wanaotaka kuingia katika kazi hii wajiandae vipi, huwaambia wajifunze kusoma hadidu za rejea kama wakili anavyosoma mkataba, na wazijadili kabla ya kutia saini. Baada ya kutia saini, nafasi ya kuuliza swali jipya hupungua sana. Mfadhili ana tarehe ya bodi, wizara ina bajeti ya kufunga, na mshauri ana siku chache tu za uwandani.

Siku hizo chache zina mitego yake. Robert Chambers, Mwingereza aliyefanya kazi Kenya kabla ya kugeukia utafiti, aliieleza vizuri mwaka 1983 katika kitabu chake kuhusu maendeleo ya vijijini. Mgeni hupita barabara ya lami, hivyo huona vijiji vya kando ya barabara. Huja kiangazi, wakati njia zinapitika na chakula bado kimo ghalani, hivyo haoni njaa ya masika wala malaria yake. Hupelekwa kwenye mradi uliofaulu. Huzungumza na mwenyekiti, mwalimu, mkulima wa mfano, na wengi wao ni wanaume. Adabu humzuia kuuliza habari za ufukara mbele ya wenyeji wake, na utaalamu wake humfanya aone kile tu alichosomea. Zaidi ya miaka 40 imepita tangu maneno hayo yachapishwe, na ratiba nyingi za ziara za miradi bado ni hizo hizo. Mkutano wa wadau unaitwa saa nne asubuhi, saa ambayo mama yuko mtoni au shambani, kisha ripoti inaandika kwamba wanawake walishirikishwa kwa kuwa majina kadhaa ya kike yamo kwenye karatasi ya mahudhurio.

Gharama ya mitego hiyo inaonekana Kalokol, kando ya Ziwa Turkana nchini Kenya. Norwei ilifadhili kiwanda cha kugandisha samaki huko, kikakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa mamilioni ya dola, kikafanya kazi kwa muda mfupi mno, kisha kikafungwa. Kugandisha samaki kwenye joto la Turkana kulihitaji umeme na maji safi kwa kiasi ambacho bei ya samaki haikuweza kukilipa. Baadaye maji ya ziwa yakashuka na ghuba ya Ferguson, ambako uvuvi ulikuwa umeshamiri, ikakauka. Wazee wa pale walijua kwamba ziwa hupanda na kushuka, na kwamba kwa Waturkana wengi ng'ombe, ngamia na mbuzi ndiyo mali, uvuvi ukiwa kimbilio la aliyefilisika. Maarifa hayo yalipatikana bure, umbali wa mazungumzo tu.

Lipo jambo la pili, zito kuliko ratiba: nani anamlipa mshauri. Katika tathmini ya athari kwa mazingira, Tanzania na Kenya pia, mwekezaji ndiye anayemwajiri na kumlipa mtaalamu wa kuchunguza kama mradi wa mwekezaji huyo utaharibu mazingira. Mamlaka ya mazingira hupitia ripoti, lakini shinikizo linabaki. Watu wa Lamu, pwani ya Kenya, waliliona hilo. Mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 ulipata leseni ya mazingira, na tathmini ilikuwa imefanyika kwa kurasa nyingi. Wenyeji wakaenda kulalamika. Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ya Kenya ikaifuta leseni, na miongoni mwa sababu zake kuu ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo katika tathmini yenyewe. Wavuvi waliitiwa mikutano kabla ya uchunguzi kukamilika. Matokeo yalipopatikana, hawakurudiwa kwa namna ambayo ingewawezesha kuyajua na kuyajibu.

Uhuru wa mshauri unawezekana, ila hupatikana kwa kudaiwa mapema. Mfano ninaouheshimu kuliko yote unatoka India. Mwaka 1985 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 450 kwa ajili ya bwawa la Sardar Sarovar kwenye mto Narmada. Malalamiko ya watu waliokuwa wanahamishwa yalipozidi, benki iliunda jopo la mapitio mwaka 1991, likiongozwa na Bradford Morse, aliyekuwa mkuu wa UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, akisaidiwa na Thomas Berger, jaji wa zamani wa Kanada. Kabla ya kuanza, jopo lilitaka lipewe nyaraka zote, liwe na bajeti yake, na ripoti ichapishwe bila kuhaririwa na benki. Likakubaliwa. Juni 1992 likaeleza waziwazi kwamba uhamishaji wa watu ulikuwa na kasoro za msingi, na kwamba athari za mazingira hazikuwa zimechunguzwa ipasavyo, likashauri benki irudi nyuma. Machi 1993 India ikaachana na sehemu iliyobaki ya mkopo, na mwaka huo huo benki ikaanzisha Jopo la Ukaguzi, ambalo hadi leo hupokea malalamiko ya watu walioathiriwa na miradi yake. Bwawa lilijengwa hata hivyo, kwa fedha za India yenyewe, na likazinduliwa rasmi mwaka 2017. Ripoti haikuwarudishia ardhi waliohamishwa. Iliwafungulia mlango wa kulalamika watu wa nchi nyingine ambao Morse na Berger hawakuwahi kukutana nao, na huo si ushindi mdogo.

Nimewataja wageni kwa sababu ndio waliotawala kazi hii kwa muda mrefu. Sasa hali inabadilika. Wataalamu kutoka Morogoro, Nairobi, Kampala na Zanzibar wanaongoza timu katika nchi za wengine, nao ni washauri wa kimataifa kwa maana kamili. Wana nafuu kubwa ya lugha: anayeweza kukaa barazani na kuzungumza Kiswahili bila mkalimani husikia hata yale yanayosemwa mkutano ukishavunjika. Lakini rangi ya pasipoti haimlindi mtu na mitego ya Chambers. Msomi wa mjini naye hupita barabara ya lami, naye huja kiangazi.

Na ripoti ikishaandikwa kwa Kiingereza, hutumwa kwa mfadhili, nakala ikaenda wizarani na nyingine ikabaki kabatini wilayani. Kijiji kilichotoa siku zake, kumbukumbu zake na siri za vyanzo vyake vya maji hakioni hata muhtasari. Kwa maoni yangu, kazi ya namna hiyo haijakamilika, hata kama malipo ya mwisho yameshaingia benki. Siku mbili za kurudisha matokeo kwenye mkutano mkuu wa kijiji, pamoja na muhtasari wa kurasa chache wa Kiswahili, ni gharama ndogo kwenye bajeti yoyote ya tathmini, na mshauri anaweza kudai ziwekwe kwenye mkataba.

Wanavijiji nao wanaweza kudai. Kama wewe ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji au wa kamati ya maliasili, na kesho gari likaingia likiwa na mgeni mwenye daftari, mpokee kwa ukarimu wa kawaida, kisha muombe mambo matatu kabla hajaanza kuuliza yake: hadidu zake za rejea, jina la anayemlipa, na tarehe atakayorudi na majibu. Yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao.