Kwa nini klematisi hukatwa ndipo ichanue?

Mwishoni mwa baridi, Februari au Machi, watunza bustani wa Uingereza hufanya jambo la ajabu. Wanachukua mkasi na kuikata klematisi nzima, wanabakiza vishina vya sentimita 30 hivi. Ukipita hapo utasema wameiua. Lakini Julai ukuta wote unafunikwa na maua ya zambarau.

Siri ni umri wa tawi. Klematisi za majira ya joto, kama 'Jackmanii', chotara maarufu kutoka kitalu cha akina Jackman kule Woking, hutoa maua kwenye matawi yaliyoota mwaka huohuo. Usipokata, mmea huanzia pale juu ulipoishia. Maua yanakwenda huko juu, wewe huku chini unabaki kutazama vijiti vitupu. Ukikata juu kidogo ya macho yenye afya, akiba iliyo kwenye mizizi inasukuma machipukizi mapya kutoka chini. Mkulima wa zabibu wa Dodoma hatashangaa: na yeye hupogoa ili apate matawi mapya yatakayobeba mashada.

Ila usikate kila klematisi unayoiona! Clematis montana, inayochanua mapema baada ya baridi, huandaa maua yake kwenye matawi ya mwaka jana. Hiyo ukiikata Februari, umetupa maua ya mwaka mzima. Kwa hiyo jiulize kwanza: yako inachanua lini?

Halafu kuna mnyauko. Klematisi yenye maua makubwa inaweza kusinyaa ghafla na kuwa nyeusi, na mara nyingi chanzo ni kuvu iitwayo Calophoma clematidina. Wengi huing'oa hapohapo. Usiing'oe. Kuvu hii hushambulia shina na majani, si mizizi. Kata hadi ufikie sehemu nzima, hata kama ni usawa wa udongo, kisha subiri. Ndiyo maana mche hufukiwa sentimita 5 hadi 8 zaidi ya ulivyokuwa kwenye chungu: macho yaliyo chini ya udongo yanabaki salama na huchipua tena.

Na usidhani klematisi ni za Ulaya tu. Clematis simensis huota yenyewe kwenye misitu ya nyanda za juu za Kenya na Tanzania. Ukikutana nayo, angalia vikonyo vya majani: hivyo ndivyo vinavyojizungusha kwenye vijiti, na ndivyo mmea unavyokwea.