Tezi imetoka, kibonge kimebaki

Mwanamume akishafanyiwa upasuaji wa saratani ya tezi dume, tezi iliyotolewa haitupwi. Hulowekwa kwenye fomalini, ikakatwakatwa, kisha vipande vikagandishwa ndani ya nta. Kinachopatikana ni kibonge kidogo chenye namba, mfano wa kipande cha sabuni kilichobaki bafuni, kikawekwa kabatini. Mgonjwa anakwenda zake nyumbani. Kibonge kinaweza kukaa humo miaka ishirini.

Nyumbani gumzo ni PSA. Protini hii hutengenezwa na tezi dume, kwa hiyo tezi ikishaondolewa yote, baada ya wiki sita hivi damu haitarajiwi kuwa na PSA ya kupimika. Ikifika nanogramu 0.2 kwa mililita, na kipimo cha pili kikathibitisha, daktari husema ugonjwa umerudi.

Umerudi wapi? Kwa kiwango hicho, mara nyingi picha za CT hazioni kitu. Na neno lenyewe linatisha kuliko linavyostahili. Mwaka 1999 madaktari wa Johns Hopkins, Baltimore, walichapisha kumbukumbu za wanaume 1,997 waliopasuliwa. PSA ilipanda kwa 315. Kati ya wale ambao hawakuanzishiwa tiba ya homoni mapema, ni kama thuluthi moja tu ambao saratani yao ilionekana kusambaa katika miaka ya kufuatiliwa, na kipindi cha kati tangu PSA kupanda hadi kusambaa kilikuwa miaka 8.

Basi lenye maana zaidi ni kujua saratani ya nani itafika mifupani, na hapo ndipo kabati lilipofunguliwa. Watafiti wa Mayo Clinic na kampuni ya GenomeDx walichukua vibonge vya wagonjwa 545 waliopasuliwa kati ya 1987 na 2001, watu ambao yaliyowapata yalikwishajulikana. Wakatoa RNA, yaani nakala ya jeni zilizokuwa zikifanya kazi, ambayo ndani ya nta huwa imekatikakatika kama daftari lililoliwa na mchwa. Vilivyosalia vilitosha. Kati ya viashiria zaidi ya milioni moja wakabakiza 22, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Kipimo kikaitwa Decipher: alama ni kuanzia 0 hadi 1, na ikizidi 0.6 hatari ni kubwa. Kipimo kingine, Prolaris, kinasoma jeni 31 ili kujua jambo moja tu: seli zinagawanyika kwa kasi gani.

Alama hizo zina kazi. Jaribio la RADICALS-RT, lililochapishwa 2020, liliwagawa wanaume 1,396: wengine wapigwe mionzi mara baada ya upasuaji, wengine wasubiri hadi PSA ipande. Mionzi ya mapema haikuonyesha faida ya wazi, ila waliopigwa walisumbuliwa zaidi na mkojo. Wengi, basi, wanaweza kusubiri. Alama ya jeni husaidia kumtambua yule ambaye kusubiri kunaweza kumponza.

Si kila kiashiria kinachoonekana sana kinafaa. Muungano wa jeni TMPRSS2 na ERG, uliogunduliwa Michigan mwaka 2005, upo katika karibu nusu ya saratani za tezi dume za wanaume wenye asili ya Ulaya, lakini peke yake hautabiri vizuri kurudi kwa ugonjwa. Kwa wanaume wenye asili ya Afrika ni nadra zaidi. Na vibonge 545 vya Mayo vilitoka Minnesota, kwa wagonjwa ambao wengi wao walikuwa wazungu.